Jogoo Niliyemchinja Upande wa Pili wa Mlima

Tangu nirudi, kila Jumapili baada ya ibada mnanizunguka pale penye chai mkiniuliza, Mzee Wekesa, ni kweli Wayahudi walikufukuza? Hawakunifukuza. Sijui nani ameeneza hayo. Nimeeleza mpaka chai ikapoa, na bado kila mtu ameondoka na kipande chake, huyu anasema nilikamatwa na polisi, yule anasema nilibatizwa upya. Kwa hiyo nimekaa mezani hapa Brooklyn Park, Amerika, niandike yote mara moja, msome wenyewe, mniache ninywe chai. Shule niliishia darasa la nne. Mkiona ninazunguka sana kabla ya kufika, hiyo ndiyo njia ninayoijua.

Kabla hatujatoka nyumbani

Mjukuu wangu Naliaka mnamjua, yule mrefu anayetupigia kinanda. Yuko mwaka wa tatu chuo kikuu. Mama yake ni binti yangu Nekesa, nesi wa wodi ya akina mama wanaojifungua, na kwa Nekesa masomo duniani ni mawili tu, unesi na kupoteza wakati. Naliaka anasoma historia ya dini. Jazeni wenyewe kelele iliyokuwa katika nyumba hiyo.

Sasa, kuna fedha za safari wanazopewa wanafunzi wa digrii ya kwanza ili waende wakakae na Wayahudi wa nchi nyingine, wajifunze kwao, warudi wawaeleze wenzao. Naliaka si Myahudi, lakini aliwaandikia kwamba upande wa Uganda wa mlima Elgon kuna Wayahudi, watu weusi kama sisi, wanaosema lugha inayokaribiana kabisa na ya babu yake. Mimi nimezaliwa upande wa Kenya wa mlima huohuo. Wakaona ni jambo zuri, wakampa. Walitaka kitu kimoja tu: arudi na sauti ya mzee wa pale iliyorekodiwa, akieleza mambo ya zamani kwa kinywa chake mwenyewe.

Nekesa aliposikia naye akatoa masharti. Nilikuwepo, nilikuwa nakula ugali.

"Nenda," akasema. "Babu yako aende na wewe, akusaidie lugha. Lakini ukirudi mikono mitupu, mwezi wa tisa unaingia nursing, na sitaki kuona machozi."

Naliaka ni mmoja wa wale watoto wetu wanaosikia kila kitu na kujibu kwa Kiingereza. Akajibu kwa Kiingereza kwamba amekubali. Wakapeana mikono juu ya sahani yangu kama watu wanaouziana gari. Mimi sikuulizwa.

Habari za tiketi na makaratasi naziruka, hata wakati zikifanyika sikuzielewa.

Uwanjani, ndani ya ndege isiyoruka

Ilikuwa Januari, baridi ile inayokausha manyoya ya pua. Nekesa akatu-drive mpaka uwanja wa ndege akitukumbusha dawa za malaria kila tulipofika kwenye taa nyekundu. Tukapanda, milango ikafungwa, tukakaa. Nje alikuwepo mtu juu ya gari lenye mkono mrefu, akiimwagia ndege maji moto ili barafu itoke. Akimaliza bawa hili, lile limeganda. Akirudi kwa lile, hili limeganda. Nilimhurumia kama mama anayeogesha mapacha penye matope. Bwana aliyekaa mbele yangu alimaliza gazeti, akasoma kijitabu cha ajali, akamalizia na maandishi ya mfuko wa kutapikia.

Masaa matatu tulikaa hivyo. Nayaandika kwa sababu hayo masaa matatu ndiyo yaliyoharibu hesabu yetu ya siku, na siku zilipoharibika nikaharibu mimi.

Angani, na sinia lenye muhuri

Naliaka alikuwa ametuagizia sote wawili chakula cha Kiyahudi, kile kilichopikwa kwa sheria zao, ili tuanze kuzoea. Hakuniambia. Basi mhudumu akapita watu wote, akaja kwangu wa kwanza, ameshika sinia lililofungwa plastiki mara mbili na juu yake muhuri. Akainama, akaniuliza kwa sauti ndogo kama afungue yeye au nifungue mwenyewe.

Mimi nimefua mashuka miaka saba katika nyumba ya wazee kule Maple Grove. Pale, sinia lililofungwa hivyo linakwenda chumba kimoja tu, cha mgonjwa aliyetengwa asiambukize wenzake. Jasho likanitoka. Nikamwuliza Naliaka wameona nini katika damu yangu, na kama mama yake anajua. Naliaka alicheka mpaka akashindwa kunijibu, jambo ambalo halikunituliza.

Aliyenituliza ni mzee mmoja Myahudi wa mji jirani wa Saint Paul, ng'ambo ya njia, mwenye kofia nyeusi na ndevu nyeupe. Naye alikuwa na sinia lenye muhuri, na anakula bila wasiwasi. Akauliza kwa nini mimi ninakula chakula chake. Naliaka akamweleza tunakokwenda, akafurahi sana, akataka kunipa ushauri kama mzee kwa mzee. Alisema, Ijumaa jua likizama Sabato imeingia. Moto uwe umeshawashwa, chakula kiwe kimeshaiva, kila kazi iwe imekwisha. Mgeni mwema hamwachii mwenyeji wake kazi saa hiyo.

Neno hilo nikalishika vizuri. Ndilo lililoniponza, ingawa yule mzee hana kosa hata kidogo. Alimwambia mtu kitu kizuri, ila hakujua anamwambia nani.

Amsterdam, kiti namba sijui

Tulifika Amsterdam ndege ya Uganda imekwisha ondoka. Wakatupa nyingine ya kesho yake. Sina mengi ya kusema juu ya Amsterdam, niliiona kupitia dirisha moja. Kulikuwa na duka linalochoma kuku, na harufu yake ilikuwa inatembea kule ndani kama mtu mwenye tiketi. Nikasimama. Naliaka akanishika mkono, akaniambia tumeshaanza kufuata sheria ya wenyeji wetu na tutaifuata mpaka mwisho. Akaninunulia mkate na jibini. Ninyi mnajua sisi Wabukusu na kuku, hatumpiti hivihivi. Niliketi kiti cha mbali kabisa na duka lile, na bado upepo ulikuwa upande wao.

Entebbe mpaka Mbale, na dereva mwenye ndugu wengi

Badala ya kufika Alhamisi na kukaa na wazee siku tatu, tulitoka Entebbe Ijumaa asubuhi, na Jumapili ilibidi tuwe njiani kurudi kwa sababu masomo ya Naliaka yalikuwa yanaanza. Kwa hiyo tulikuwa na Jumamosi nzima na mabaki ya siku mbili, na Jumamosi yenyewe ni Sabato. Naliaka alikuwa anahesabu kwa vidole, anarudia.

Dereva tuliyepewa alikuwa mtu mpole sana. Alisimama Kampala kumpa shemeji yake betri ya gari. Alisimama Jinja kusalimia shangazi. Shangazi hakuwepo, tukamsubiri. Mbele kidogo akasimama mahali ambapo vijana huja mbio na kuku wa kuchoma kwenye vijiti, wanawaingiza mpaka ndani ya dirisha. Paja la kuku liligusa shavu langu, ndugu zangu. Nilinunua ndizi choma. Dereva alikula kuku wawili akiendesha, akinipa habari za bei ya mafuta.

Nawaambia haya yote ili mjue nilifika katika hali gani.

Ijumaa, jua likielekea kuzama

Mwenyeji wetu alikuwa Kukhu Zipora. Kukhu kwetu ni bibi, na kwao pia ni bibi. Mjane, mfupi, miaka sabini na kitu, na macho yanayokutazama mpaka ukumbuke makosa yako. Huyo ndiye mzee ambaye Naliaka alitaka sauti yake. Kijiji chao kiko juu ya kilima nje ya Mbale, migomba kila upande, na nyumba yao ya ibada iko pale juu penye upepo. Nilipomsalimu kwa Kibukusu akanijibu kwa Kigisu, na sote tukashangaa kwamba tumeelewana. Akacheka, akamshika Naliaka mashavu. Mambo yalikuwa yameanza vizuri kuliko nilivyostahili.

Halafu wote wakaingia ndani kuoga na kubadilisha nguo, mimi nikabaki uani. Nikaona maji yanachemka jikoni. Nikaona jogoo mwekundu, mnene, amefungwa mguu kwenye nguzo ya mlango. Nikatazama jua, likawa limebaki kama upana wa mikono miwili.

Sasa fikirini kama mimi. Kwetu, nyumba ya mjane ikipata mgeni, kuku hufungwa pale mlangoni akingoja mwanamume apite awachinjie. Mara ngapi nimeitwa barabarani kwa kazi hiyo. Maji yanachemka, jogoo anangoja, hakuna mwanamume hapo ila mimi, na yule mzee wa ndege amesema mgeni mwema hamwachii mwenyeji wake kazi. Nitasema ukweli wote: na tumbo nalo lilisema. Kisu kilikuwa juu ya meza, kina mapengo kama meno yangu. Nikamaliza.

Nilikuwa ninanyonyoa shingo, ninaimba, ndipo akaingia Yonatani, mwana wa dada yake Kukhu, mwalimu wa shule, amevaa shati jeupe la Sabato. Kwapani ana kitu kimefungwa katika kitambaa. Akasimama, akakifungua kile kitambaa. Ndani kulikuwa na kisu kirefu kisicho na ncha, na makali yake, alinieleza baadaye, huyapitishia ukucha kila mara kuona kama yana pengo hata dogo. Kwao kuku huchinjwa na mtu aliyesomea, kwa kisu hicho, kwa maombi yake. Akichinjwa vinginevyo ni mzoga tu. Jogoo yule alikuwa anamngoja Yonatani.

Kukhu akatoka. Akamtazama jogoo, akanitazama.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi, mama. Nimewasaidia."

"Umetusaidia," akasema. "Haya, sisi tumebaki na maharage."

Naliaka alikuwa mlangoni. Akasema "Kuka," ndivyo anavyoniita, maana yake babu. Nimewahi kutukanwa na mabwana wakubwa bila kusikia uchungu kama ule.

Yonatani akambeba jogoo mpaka kwa jirani mlokole, ambaye alimshukuru Mungu kwa sauti, akauliza kama mgeni yule wa Amerika atakuja tena wiki ijayo.

Sabato, bila kalamu

Mishumaa ikawashwa, wakaimba zaburi kwa lugha yao, na mimi niliyekaa kwa aibu kwenye kona nikajikuta naelewa maneno na kuimba. Tukala maharage, ndizi na mkate wao laini. Nilikula kila nilichopewa nikasifu kila kitu, hata chumvi. Kukhu hakunitazama.

Kesho yake baada ya ibada na chakula tulikaa barazani. Naliaka alikuwa ameshaambiwa na Yonatani kwamba siku hiyo hairekodiwi na haiandikwi. Simu yake ilikuwa imezimwa ndani ya begi. Kukhu akanigeukia ghafla.

"Nani alikufundisha kuchinja?"

"Baba yangu."

"Naye alikuwa na haraka hivyo?"

"Hapana, mama. Yeye alikuwa hodari."

Akacheka kidogo, puani. Halafu akasema wageni wengi humjia na mashine, wanatazama mashine na yeye hawamtazami. Leo mashine zimelala, kwa hiyo leo ataongea. Na akaongea, ndugu zangu, palepale. Alieleza enzi za yule jenerali aliyepiga marufuku dini yao, jinsi askari walivyopita nyumba kwa nyumba wakitafuta vitabu vya sala. Yeye alikuwa msichana tu, ameolewa juzi. Alivifunga vitabu katika ngozi, akavikalia sakafuni jikoni, na askari walipoingia akaanza kupiga kelele kwamba anajifungua. Mimba ilikuwa ya miezi minne. Askari mmoja, kijana mwenye ndevu tatu, akatetemeka akauliza afanye nini, Kukhu akamtuma maji mtoni. Mwingine akakimbia kumwita mkunga. Mkunga alipofika alielewa kwa kumtazama tu, akawafukuza wote wawili kwa ufagio.

Niligeuka kumtazama Naliaka. Kigisu cha haraka vile alikuwa anashika nusu. Kidole chake kilikuwa kinaandika juu ya goti, na kwenye sketi hakikubaki kitu.

Jumapili, maharage yakichaguliwa

Asubuhi gari lilikuwa limeshafika na dereva ameshapata ndugu pale kijijini. Kukhu alikuwa amekaa barazani na ungo, anachagua maharage. Naliaka alipiga magoti mbele yake kama wasichana wa pale wanavyofanya, akamwomba kwa Kiswahili, Kiswahili chake chote alichonacho, arudie maneno ya jana ili ayarekodi. Kukhu akasema, "Jana nilisema. Leo nachagua maharage."

Msichana akaja kwangu nyuma ya jiko. Hakulia. Alisema sawa, ataingia nursing, si kazi mbaya. Nami najua si kazi mbaya, imetulisha sote. Lakini alilisema akiwa ameegemea ukuta kama mtu anayesubiri kupimwa damu.

Nikamwambia awashe simu aje tukae pale kwenye ngazi, nitamwambia yote ninayokumbuka, angalau apate sauti ya mzee yeyote. Ngazi ile ilikuwa hatua tatu kutoka kwa Kukhu. Nikaanza: enzi hizo, askari watatu waliingia katika nyumba hii.

"Wawili," Kukhu akasema bila kuinua kichwa.

Nikasema samahani, wawili. Nikaendelea kwamba vitabu vilikuwa katika ngozi ya ng'ombe.

"Mbuzi."

Hayo mawili nilikosea kweli, kichwa changu ni cha zamani. Lakini nikaona mkono wake hauchagui tena maharage, unayazungusha tu. Basi la tatu nilikosea makusudi, Mungu anisamehe. Nikasema, mume wake, mtu mwenye akili nyingi sana, akamnong'oneza, jifanye una uchungu wa kuzaa.

Ungo ukawekwa chini.

"Mume wangu?" akasema Kukhu. "Mume wangu alikuwa juu ya mti wa parachichi. Alipanda kabla hata mbwa hajabweka, na alishuka kesho yake. Msichana, leta hicho kisimu hapa karibu. Huyu mzee amenichinjia jogoo, sasa anataka kunichinja na mimi."

Naliaka alisogea kwa magoti. Kukhu alimwambia kwanza amtazame yeye, aiache simu ijitazame. Akaanza tangu alipozaliwa. Aliongea mpaka dereva akapiga honi mara nne, akampelekea dereva mtu na chai, akaendelea. Alipofika pale pa kujifungua alipiga kelele ileile aliyowapigia askari. Jirani mlokole akaja mbio mpaka kwenye ua, akauliza ni nani, na kama maji ya moto yapo.

Tukiagana alinipa mkono. Akasema nikija tena nije Jumatatu, na nisije karibu na jiko.

Nyumbani

Ndege za kurudi ziliruka zote kwa wakati, kwa hiyo sina la kusema juu yake.

Nekesa alitukuta mezani alipotoka shifti, bado amevaa sare. Hakuuliza habari za safari. Aliuliza, "Iko wapi?" Naliaka akaiwasha. Nekesa akasikiliza amesimama, mkoba begani. Ile kelele ya kujifungua ilipokuja, akatikisa kichwa.

"Huyo anadanganya," akasema. "Mwenye uchungu wa kweli hana pumzi ya kutosha kupiga hivyo." Kisha akaweka mkoba chini. "Rudisha nyuma kidogo. Mume alikuwa wapi?"

Shida ilikuja baadaye. Chuoni walitaka maneno yote yaandikwe kwa Kiingereza, na Naliaka anaelewa nusu, na mimi Kiingereza changu ni cha kuuliza choo kiko wapi. Anayejua lugha zote mbili katika nyumba ile ni mmoja. Siku yake ya mapumziko Nekesa akavaa vile visikizi vya masikioni, akavuta kompyuta, akaanza. Alikuwa anaandika sentensi, anaifuta, ananigombeza kwamba neno hilo kwetu halina maana hiyo, anarudisha nyuma. Naliaka amekaa pembeni yake. Wamebishana juu ya ule mti wa parachichi karibu saa nzima, bega kwa bega, na hakuna aliyetaja unesi.

Adhuhuri simu ya Nekesa ikalia. Ilikuwa kazini, mtu ameugua, wanamtaka achukue shifti ya mchana. Na ninyi wote mnaofanya kazi na binti yangu mnajua, tangu aje nchi hii hajawahi kukataa shifti, hata siku ya harusi yake mwenyewe alitoka kanisani akiuliza ni saa ngapi. Akatoa kisikizi kimoja tu sikioni.

"Pole sana, leo siwezi," akawaambia. "Niko kazini."